Godoro la Mtamba wa Eva

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hujaisoma hadithi hii, njoo nikupe kwa kifupi, halafu twende.

Lukresia anafanya usafi wa vyumba kwenye lodji moja kule juu, karibu na geti la Ngorongoro. Mumewe, Joseph, alikuwa dereva wa watalii mpaka siku gari lilipompindukia kwenye barabara ya kushuka kreta. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Miguu anayo, ila hawaelewani tena. Akalazwa nyumbani kwake Karatu mjini, juu ya godoro la sponji walilooana nalo, na pale chini ya kiuno, kwenye mfupa wa katikati, pakaota kidonda. Lukresia akaomba topa, kile kigodoro chembamba cha kutandika juu ya godoro, iliyokuwa inatolewa kwenye chumba cha wageni huko kazini, mpira mtupu, laini, akaitandika juu ya lile sponji. Akajua amemaliza.

Hakuwa amemaliza. Alikuwa hata hajaanza.

Sista Judith, yule nesi anayekuja kuosha kidonda, alipitisha kiganja chini ya topa, usawa wa makalio ya Joseph, akakiacha humo kwa muda.

"Hebu weka na wewe, Mama Eva."

Lukresia akaweka. Mfupa wa mumewe ukamkalia mkononi kama vile katikati hakuna kitu.

"Godoro la chini limekufa," Sista akasema. "Limebonyea, na topa imebonyea nalo. Topa yako nzuri, sikatai. Lakini hii ni soksi mpya ndani ya kiatu kilichotoboka."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Tafuta godoro zima. La mpira kama huu, nene, lenye vitobo vya kupitisha hewa. Limbebe, lisimchemshe. Na mumgeuze, msichoke kumgeuza. Kidonda kikifika kwenye mfupa, mimi sikudanganyi, hapo tutakuwa tunaandaa maziko."

Aliyasema hayo mbele ya Joseph mwenyewe. Sista Judith ndivyo alivyo, ukitaka kubembelezwa tafuta mwingine.

Joseph alikuwa anaangalia dari. "Umesikia, Mama Eva," akasema. "Nimeshakaguliwa."

Sasa, hela ya godoro la mpira ilitoka wapi? Ilitoka Daa, kijijini kwa kina Joseph, kwenye zizi la mama mkwe.

Kulikuwa na mtamba pale. Babu yake Eva, binti wa Lukresia na Joseph, kabla hajafariki alimnyooshea fimbo mama wa huyo mtamba akasema, huyu na watakaotoka kwake ni wa mjukuu wangu. Ukoo mzima ulisikia. Mtamba akakua akijulikana hivyo, mtamba wa Eva, hata wachungaji walimwita hivyo.

Bibi akamuuza.

Eva yuko darasa la nne. Alipoambiwa hakulia wala hakununa. Aliuliza swali moja tu, kama hilo godoro ni zuri.

Lukresia akaenda dukani na shemeji yake Martini, kaka mkubwa wa Joseph. Hakumchukua Martini ili ambebee godoro. Alimchukua kwa sababu ya mwili. Martini na Joseph wamefanana mpaka kero, mgongo mpana, nyonga nzito, urefu ule ule. Joseph hawezi kwenda dukani kulijaribu godoro, basi mwili wake uende.

Mwenye duka anaitwa Eliud, mtu wa Machame, ila kwa Karatu nzima yeye ni Mangi tu, kama kila Mchaga mwenye duka.

"Mangi, nataka godoro la mgonjwa."

"Mgonjwa wa mgongo? Basi chukua hili gumu. Linanyoosha."

"Mgonjwa asiyegeuka."

Eliud akaacha kutabasamu. Alilisukuma pembeni lile gumu. "Hilo basi liache. Gumu ni la mtu mwenye maumivu. Asiyesikia maumivu utamlaza juu ya meza, na wala hatakwambia."

Martini akavua viatu, akalala kwenye godoro la kwanza, pale pale barazani, barabara nzima inaona. Bodaboda wawili wakasimamisha pikipiki.

"Sasa weka mkono chini ya makalio," Lukresia akamwambia Eliud.

"Nani, mimi?"

"Ulitaka niweke mimi? Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Nikaeleze nini Daa?"

Eliud akasonya, akapiga goti, akapeleka mkono. Bodaboda wakacheka. Lukresia naye akacheka kidogo, na moyoni akaona vibaya kucheka.

La kwanza lilikuwa sponji nene, jipya. Lilimpokea Martini vizuri, halafu taratibu likaanza kubonyea. "Namsikia," Eliud akasema. "Miezi michache utarudi kule ulikotoka."

La pili ni lile ukibonyeza kiganja, alama inabaki. Martini alizama humo kwa raha, akafumba macho, lakini baada ya muda akaanza kufuta shingo. "Hili linanishika," akasema. "Nataka kugeuka haliniachii. Na lina joto."

La springi Lukresia hakutaka hata alilalie. Analijua kutoka kazini. Likizeeka, waya mmoja unatosha kumtoboa mtu.

Halafu Eliud akaita mtu wakashusha la mpira. Walilishusha kwa kuguna, maana zito. Lilikuwa na vitobo vidogo vidogo juu mpaka chini. Eliud akalipiga ngumi, likarudi pale pale kabla hajaondoa mkono. Martini akalala. Halikummeza wala halikumsukuma. Eliud akapeleka kiganja chini, akapapasa huku na huku.

"Simpati," akasema.

"Tafuta vizuri."

"Dada, nimetafuta. Huyu mtu hayupo."

Lukresia akashusha pumzi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kusikia habari ya kitu kinachobeba.

"Na topa yangu je, niiweke juu?"

"Ya nini tena? Topa inalainisha godoro zima, haifufui lililokufa. Itunze, au mpe mtoto." Kisha Eliud akakunja uso. "Ila sikiliza. Ukifika, toa nailoni. Msinifanyie mambo yenu ya Karatu."

Mambo yetu ya Karatu tunayajua. Vumbi letu jekundu linaingia mpaka kwenye chai, kwa hiyo godoro jipya linatandikwa na nailoni yake, na nailoni inakaa mpaka ichanike yenyewe. Mgeni akija anaonyeshwa pembe moja, aone kuwa bado ni jipya. Kuna watu wamezaa, wamesomesha, na nailoni ipo.

"Nailoni inaziba hivi vitobo," Eliud akasema. "Mtu anachemka kwenye jasho lake. Hapo umenunua mpira wa kuchezea."

"Mangi, mimi kazi yangu ni vitanda."

Na kweli alipofika aliitoa nailoni kwa mkono wake. Lakini hakuichana wala hakuitupa. Ilikuwa nailoni nzima, nene, ya kuanikia mahindi au kufunikia kuni mvua ikija. Akaikunja vizuri, akaisukuma chini ya kitanda.

Nani kati yetu angeitupa?

Godoro likafanya kazi. Nyama ya kidonda ikaanza kuwa nyekundu safi, harufu ikakata, na Sista Judith akasema, "Hapa sasa tunazungumza." Joseph akaanza hata kusimulia mambo ya safari, faru aliyewachungulia wageni wakila, mambo kama hayo. Eva alikaa miguuni pake akifanya hesabu. Lukresia alimwangalia mumewe akajiambia, huyu atabaki. Alijiambia hivyo akaamini.

Kisha msimu wa wageni ukapamba moto. Lodji ikajaa, mapumziko yakafutwa, wafanyakazi wakaamriwa kulala huko huko. Kukataa maana yake kazi basi. Mama mkwe akaja kutoka Daa kukaa na mwanawe. Sista Judith naye akapata msiba kwao Moshi. Bibi akafundishwa kuosha kidonda, Martini akawa anapita kusaidia kugeuza.

Kila Lukresia alipopiga simu alijibiwa, tuko salama.

Aliporuhusiwa kushuka, alipokewa na harufu kabla hajafika mlangoni.

Hakusalimia. Alipita moja kwa moja, akafunua bandeji. Sitaelezea alichokiona, maana wengine mnasoma huku mnakula. Niseme tu kwamba kilikuwa kimeingia ndani, na huko ndani palikuwa na kitu cheupe.

Akampigia Sista Judith, ambaye alikuwa amerudi jana yake tu. Sista akaja mbio, akaangalia, akafunika.

"Leo hii hospitali," akasema. "Si kesho. Wakimsafisha leo, nafasi ipo. Ndogo, lakini ipo."

Martini akatoka kwenda kuomba gari kwa madereva wenzake Joseph. Sista akatoka nje kupiga simu hospitali. Lukresia akabaki amesimama katikati ya chumba, hasira imemjaa na hana wa kumpa. Mwishowe akampata. Alivaa kandambili, akateremka mpaka dukani kwa Eliud, akamwita mwizi mbele ya wateja.

"Umeniuzia sponji ukaniambia mpira. Mume wangu anaoza."

Eliud hakubishana. Alifunga duka mchana kweupe, kitu ambacho mtu wa Machame hakifanyi hovyo, akamfuata.

Walipofika alimsalimia Joseph, akampa pole, akaomba ruhusa. Akabonyeza kona ya godoro. Akabonyeza tena, akatega sikio. Akainua shuka. Chini ya shuka kulikuwa na blanketi la sufu. Akainua na blanketi.

"Mama Eva," akasema taratibu, "hili godoro bado liko dukani."

Nailoni ilikuwa imerudishwa. Imevutwa vizuri, pembe zimekunjwa na kubandikwa selotepu. Juu yake, chini ya mgongo wa Joseph, maji yalikuwa yamesimama.

Lukresia akageuka polepole kumtazama mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni.

"Mama. Umefanya nini?"

Mama mkwe akaangalia beseni lake.

"Umemuua mwanao kwa kulionea godoro huruma. Jipya hili unamtunzia nani? Unataka wageni wa Daa waje waione nailoni?"

Maneno mazito hayo, na mkwe hamwambii mama mkwe wake hivyo. Aliyasema yote. Mama akaweka beseni chini kwa uangalifu, maji yasimwagike.

"Sikuamua mimi, mwanangu," akasema. "Niliagizwa na mwenye kitanda."

"Mwache mama," Joseph akasema kutoka kitandani. "Ni mimi."

Eliud akaangalia mlango, akatamani kuondoka.

"Nilimwambia mama kwamba Sista amesema godoro lisilowe. Martini alitaja maneno ya Mangi, nikamwambia nesi anajua kuliko muuza magodoro. Wakaninyanyua, yeye na Martini, wakalivisha. Nikawaambia waweke blanketi, lisipige kelele. Nilijua wewe ungesikia."

"Ulikuwa unajua nailoni itakufanya nini?"

"Mimi nimelaza wageni kwenye mahema miaka yote hiyo, Mama Eva. Nilijua."

Mama mkwe alikaa chini, pale pale sakafuni. Kumbe na yeye alikuwa anaelezwa leo.

"Kwa nini?" Lukresia akauliza.

Joseph akauliza na yeye.

"Kwetu mtu akifa na kidonda, godoro lake mnalifanyaje?"

Wote walijua. Linaburutwa nyuma ya nyumba linachomwa, watu wa matanga wakiwa bado wamekaa. La baba yake lilichomwa hivyo hivyo, na Joseph ndiye aliyewasha kiberiti.

"Hili ni ng'ombe wa mtoto," akasema. "Nilale juu yake, nimwozee, halafu mkamchome moto? Nikawaza, kama sina miguu, sina gari, sina kazi, basi angalau hili nimwachie. Nikienda mnavua nailoni tu, jipya, safi. Eva analalia. Sina kingine, Mama Eva. Nimetafuta, sina."

Lukresia alimchukia wakati ule. Nasema kama ilivyokuwa. Na ndani ya chuki hiyo alikuwa anampenda kuliko siku aliyoolewa, na hakujua aanze na lipi.

Akaanza na kisu cha jikoni.

"Mangi, nisaidie kumwinua."

"Mama Eva, tumsubiri Sista…"

"Nimesema nisaidie."

Wakamwinua upande. Lukresia akaichana nailoni kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaivuta vipande vipande, akatoka navyo hadi jikoni, akavitia kwenye moto. Moshi mweusi ukajaa uani. Aliporudi hakuchukua shuka. Hakuchukua blanketi. Alimshusha Joseph chali juu ya mpira mtupu, na bandeji yake iliyolowa.

Doa likatoka. Kwanza dogo, la njano, kisha likaongezeka wekundu, likaingia kwenye vitobo.

"Liangalie," akamwambia, akimshika kidevu ageuke. "Limeshaharibika. Hakuna mtoto atakayelilalia tena. Ukifa tutalichoma, na ng'ombe wa mwanao ataungua, na mimi ndiye nitakayewasha. Hutaki aungue, basi ishi."

Joseph aliliangalia lile doa kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Umenimaliza," akasema. "Nilikuwa nimeshapanga."

"Najua. Nimekupangua."

Nje gari likapiga honi. Martini akaingia na turubai la kumbebea, Sista Judith nyuma yake akihimiza, hospitali wanasubiri, twende, twende. Wakamshika Joseph mabega.

Ndipo alipokamata chuma cha kitanda, mikono yote miwili.

"Siendi. Nilishapanga kufia hapa."

Mikono ya dereva unaijua. Miaka kumi na kitu ya kukata usukani kwenye mashimo. Miguu ilikufa, mikono haikupata habari. Martini alivuta mpaka kitanda kikasogea na Joseph nacho. Sista akasema wasimvute hivyo, wataumiza kidonda. Mama yake akamsihi kwa Kiiraqw, kwa maneno ya kumsihi mtoto mdogo. Joseph akafumba macho, akakaza.

Honi ikalia tena.

Katikati ya hayo, Eva akaingia kutoka shule, begi mgongoni, soksi nyekundu kwa vumbi. Hakuna aliyemwona mpaka aliposema.

"Shikamoo, baba."

Salamu ya mtoto haiachwi hewani. Joseph akafumbua macho. "Marahaba, mama."

Eva alikiangalia kitanda kilivyo, bila shuka, na lile doa. Aliwaangalia watu wazima wote, mmoja mmoja, Mangi pia.

"Ndilo lile la mtamba wangu?"

"Ndilo," baba yake akasema.

"Ni zuri?"

Joseph akaliangalia godoro.

"Zuri sana, mama. Halijawahi kutokea godoro zuri kama hili."

"Basi twende nalo."

Alivua begi akaliweka sakafuni. Akasogea mpaka kwenye chuma cha kitanda, akashika mkono wa baba yake, na kwa vidole vyake vyenye wino akaanza kuufungua, kidole kimoja kimoja. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Kidole kidogo kikaachia. Kinachofuata kikaachia.

Cha kati kikakaza kwenye chuma, na Eva hakuacha.